Mtoto kakutwa na sistinosisi: dawa na gharama zake Marekani

Sistinosisi ni ugonjwa wa kurithi, sistini (aina ya asidi amino) inajazana kwenye seli. Msisubiri, dawa yake sisteamini ianze mapema maana ndo inayotoa hiyo sistini kwenye seli na kuchelewesha figo kufeli. Za kumeza ziko mbili, Cystagon ya kila masaa 6 hata usiku wa manane, yani mtamwamsha tu, na Procysbi ya kila masaa 12. Bei ndo inauma jamani: Procysbi ilivyotoka 2013 ilitajwa kama dola 250,000 kwa mwaka, Cystagon kama 8,000, kwa hiyo ulizeni bima mapema. Dawa ya kumeza haifiki kwenye konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho), ombeni na ya matone ya macho. Atanuka mdomo kama yai viza, ni dawa hiyo, msimseme. Hata akipandikizwa figo haachi dawa, misuli na tezi bado vinashambuliwa.