Jinsi ya kusoma barua za mwenye shamba la tumbaku wa Virginia, karne ya 18

Anza na tarehe, maana ukikosea hapo mpangilio wote unavurugika. Hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752, makoloni ya Uingereza yaliuanza mwaka mpya 25 Machi. Ndiyo maana siku aliyozaliwa George Washington iliandikwa 11 Februari 1731/2: kwa hesabu yetu mwaka huo ni 1732. Barua ya Februari yenye mwaka mmoja tu usiipe nafasi kabla ya kuilinganisha na jirani zake. Na usishangae kukosa barua za tarehe 3 hadi 13 Septemba 1752. Siku hizo hazikuwepo. "7ber" ni Septemba, si Julai, na "Xber" ni Desemba. "Inst." ni mwezi uleule barua ilipoandikwa, "ult." ni uliotangulia.

Nakili herufi kwa herufi, tahajia mbaya iache ilivyo, na unachokisia kitie kwenye mabano ya mraba. "S" ndefu hufanana na "f". "Ye" ni "the". Geuza karatasi pia. Barua nyingi hazikuwa na bahasha: karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa mgongoni. Jina na tarehe fupi zilizo kando ya anwani kwa kawaida ni kumbukumbu ya mpokeaji, kwa hiyo usimpe mtumaji mwandiko huo. Maneno yakikatika ukingoni, tazama kama kipande kilichochanika kimenasa kwenye lakiri.

Kama unachosoma ni daftari la nakala, yaani alimonakili barua alizotuma, una maneno ya upande mmoja tu. Tena mara nyingi barua moja ya kwenda London ilitumwa nakala mbili kwa meli mbili, kwa hofu ya kuzama au kutekwa vitani. Isihesabiwe mara mbili, lakini soma nakala zote: ya pili huweza kuwa na nyongeza chini yenye habari mpya.

Upande wa biashara ndio mgumu zaidi. Tumbaku ilishindiliwa kwenye mapipa makubwa, kila moja likiwa na takriban ratili 1,000, kisha ikapelekwa kwa wakala London, kama Robert Cary & Company waliomhudumia Washington. Mzigo ulibaki mali ya mkulima hadi uuzwe, na hasara ya bei ilikuwa yake. Wakala alikata nauli, ushuru, bima na kamisheni, halafu kwa salio akanunua bidhaa zilizoagizwa: vitambaa, viatu, misumari, dawa. Basi tafuta karatasi tatu: barua, hesabu ya mauzo na ankara ya bidhaa. Zikitenganishwa, malalamiko ya mkulima hayaeleweki. Kwenye fedha, pauni 1 ni shilingi 20 au peni 240, ila uliza kwanza ni pauni ipi. Pauni ya Virginia ilikuwa na thamani ndogo kuliko ya Uingereza, na hundi zililipwa kwa kiwango kilichopanda na kushuka. Ukijumlisha zote pamoja, jumla haina maana.

Barua za nyumbani usizitenge na hizo. Mali aliyopewa binti alipoolewa hujitokeza kwenye barua ya mfanyabiashara, na deni kwenye barua ya kaka. "Sister" anaweza kuwa shemeji, "son" mkwe, "cousin" mpwa. Thibitisha kwa wosia kabla ya kuchora ukoo.

Watumwa huonekana katikati ya sentensi za mambo mengine, kwa jina moja tu au chini ya maneno kama "hands" na "people". Tengeneza jedwali lao tangu barua ya kwanza: jina, tarehe, shamba, kazi, na aliyetajwa naye. Usiwaunganishe akina Jack wawili kwa kufanana jina tu. Linganisha na orodha za mirathi, ambazo mara nyingi huwataja kwa majina na thamani waliyokadiriwa. Na pale mwenye shamba anapomwita mtu mvivu au mkaidi, katika safu ya jedwali andika "kwa kauli ya mmiliki", kwani huenda anayeitwa mvivu alikuwa mgonjwa, au alikuwa akikataa kwa makusudi.