Ufadhili wa PhD ya kemia: anza na profesa

Mliomaliza masta ya kemia, msikae kusubiri tangazo. Kwenye idara kama ya Kemia na Sayansi ya Polima, Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, PhD ni utafiti, na mara nyingi pesa iko kwenye mradi wa profesa. Mwandikie yeye kwanza. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha andika kwa ufupi: "Kwenye masta nilitengeneza resini kwa mafuta ya maganda ya korosho, na sampuli nilizipima mwenyewe kwa NMR." Sentensi hiyo (NMR ni kipimo cha kuonyesha muundo wa molekuli) inashinda kurasa tatu za kujisifu, kweli kabisa. Ambatisha matokeo yako ya chuo. Wiki mbili kimya? Kumbusha mara moja, kwa adabu. Akikubali, uliza waziwazi: pesa ni ya ada tu, au na ya kula na pango, na kwa miaka mingapi?