Kupiga baiskeli Nizwa mpaka Sur: fuata maji ya mashamba

Watu wakisikia Oman wanafikiria mchanga na mafuta basi, na wengi wenye baiskeli wakifika Muscat wanashika barabara ya pwani moja kwa moja. Mi nakwambia ingia ndani. Anzia Nizwa, pita Birkat al Mawz, Izki, Sinaw, Al Mudhaibi, Ibra, Al Mudhairib, Bidiya, Al Kamil mpaka Sur. Ni kilomita 300 na ushee, lami safi mwanzo mwisho, na kazi yako ni kutoka shamba la mitende ukaingia jangwani, ukatoka jangwani ukaingia shamba jengine. Nizwa iko juu kama mita 500 na Sur ipo baharini, kwa hiyo ukienda upande huu kwa jumla unashuka, japo vilima vidogo vidogo vitakuchosha kidogo.

Kabla ya kufikiria giya na mabegi jua kwanza jambo moja: vijiji vya huku vimekaa pale maji yalipo. Kuna mifereji inaitwa falaji, ya zamani sana, mingine inachimbwa chini kwa chini kutoka kisima mama kule karibu na mlima, maji yanatembea yenyewe kwa mteremko mdogo kilomita kadhaa bila pampu mpaka yanatokeza juu kijijini. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Oman kwenye urithi wa dunia, na tatu kati ya hizo unazipita mwanzoni tu mwa safari: Daris pale Nizwa, Al Khatmeen pale Birkat al Mawz, na Al Malki pale Izki. Usizipite mbio. Simama Birkat al Mawz uone maji yanavyogawanywa, mfereji mmoja unakuwa mitatu, alafu yanaingia kwenye mitende, chini ya mitende ndimu na ndizi, na chini kabisa yale majani ya mifugo wanayoyaita qatt, mabichi mpaka macho yanapumzika baada ya mawe yote yale.

Maji yana utaratibu na mgeni lazima aufuate. Pale yanapotokeza mwanzo ni ya kunywa na kuchota, yakiteremka ni ya msikiti na ya kuogea, wanaume sehemu yao na wanawake sehemu yao, mwisho ndo shamba. Kwa hiyo ukitaka kusuuza miguu au fulana yako teremka chini, usitie sabuni juu, na sehemu ya wanawake usiisogelee kabisa. Ya kunywa wewe jaza kwenye mashine za maji baridi zilizowekwa nje ya misikiti na nje ya nyumba za watu, ni sadaka ile, kila kijiji zipo na hakuna anayekuuliza. Msikitini pia kuna choo na mahali pa kunawa uso, na hiyo kwa mtu wa baiskeli ni nusu ya safari.

Hata hivyo usitegemee msikiti tu. Baina ya Izki na Sinaw mashamba yanakatika, kunabaki changarawe tupu na migunga mmoja mmoja, na hapo ubebe si chini ya lita 4 hata kama asubuhi kuna baridi. Nenda Novemba mpaka Februari. Kuanzia Aprili jua linakuwa kali sana na wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 45, hapo usithubutu. Hata Disemba anza baada ya Alfajiri, saa tano hivi tafuta kivuli, endelea alasiri, na ikikaribia magharibi uwe umeshasimama maana ngamia wanavuka barabara na madereva huku wanakimbiza.

Baiskeli yenyewe haihitaji makubwa. Adui ni miba, ya migunga na ya ule mti ambao Kenya wanauita mathenge, upo huku pia na umetapakaa mabondeni, mwiba wake unapita tairi nyembamba bila taabu. Vaa tairi nene, ndani kama unaweza tia yale maji ya kuziba pancha, chukua tyubu mbili za akiba, viraka, gundi na pampu ya kweli siyo kile kidude kidogo. Ukitoka barabarani kwenda kivulini ibebe baiskeli begani, usiisukume kwenye majani makavu. Kuanzia Bidiya mchanga unapulizwa juu ya lami, mnyororo ufute kwa kitambaa kikavu kila jioni na mafuta tia matone machache tu, ukizidisha mchanga unaganda.

Chakula hakina shida. Kila penye kituo cha mafuta kuna kihoteli cha Wahindi wa Kerala, parata, mayai, dengu na chai ya maziwa, bei ndogo, beba chenji za baisa, yaani senti za Oman. Ijumaa asubuhi karibu kila kitu kimefungwa mpaka baada ya sala kwa hiyo nunua Alhamisi, na ukiwa Sinaw Alhamisi una bahati maana ndo siku ya soko, mabedui wanashusha ngamia na mbuzi toka jangwani. Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu mchana hata kama una safari, ni sheria.

Kulala, hema linaruhusiwa sehemu nyingi za wazi, lakini mambo mawili. Usilale bondeni kwenye wadi, yaani mto mkavu, mvua inanyesha milimani wewe huioni na maji yanakuja kwa ghafla, watu wanakufa hivyo. Na usipige hema ndani ya shamba bila ruhusa, si kwa adabu tu. Zamu ya maji inahesabiwa kwa athar, kama nusu saa moja hivi, zamani kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na zamu inaendelea usiku kucha. Utamuona mfanyakazi, mara nyingi mtu wa Bangladesh, anakuja saa nane usiku na tochi, anachomoa jiwe lililozungushiwa tambara kwenye mdomo wa mfereji anaziba upande wa pili, na dakika chache jaruba zima limejaa maji. Muulize yeye wapi pakavu, atakuonyesha vizuri kuliko mwenye shamba.

Sasa Ibra, Al Mudhairib na Al Qabil punguza mwendo, hapa ndo panapotugusa sisi. Ni nchi ya Waharthi, ukoo ambao Unguja na bara unajulikana miaka mingi, na wengi walirudi huku baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa Sultan Qaboos alivyoshika nchi 1970. Toa salamu ya Kiislamu kwanza, kisha ukimuona mtu mzima jaribu shikamoo, usishangae ukijibiwa marahaba na kuulizwa umetoka mtaa gani. Ukikaribishwa kahawa kaa, kula tende kwanza, pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka tikisa kikombe, la sivyo atakumiminia tena na tena. Kama ni Jumatano asubuhi Ibra kuna soko la wanawake, mwanamme pita mbali.

Bidiya wana tende aina ya mabsali, inavunwa ikiwa bado ngumu ya manjano, inachemshwa kwenye masufuria makubwa kisha inaanikwa juani. Nunua kilo moja, haiozi na haikuchafui begi, ndo chakula bora cha mfukoni nilichowahi kula juu ya baiskeli. Mchanga mwekundu wa jangwa la Wahiba unauona kutoka barabarani, lakini kuuingia kwa baiskeli iliyobeba mizigo sahau, acha vitu kwa mwenyeji uingie kwa miguu jioni.

Toka Al Kamil una njia mbili. Ukienda Jaalan mpaka Al Ashkharah unapata bahari wazi na upepo mkali wa ubavuni, kama una siku za ziada sawa. Mi ningekwambia nyoosha Sur, kama kilomita 60, fika mchana, nenda moja kwa moja kwenye karakana za majahazi kabla mafundi hawajafunga, gesti utatafuta baadaye zipo nyingi.