Wikiendi ya mawe: kutazama Paris–Roubaix ukiwa Dodoma, na kukanyaga pedali mwenyewe

Kila mwaka Aprili ikikaribia, mpwa wangu hunipigia simu na swali lilelile: "Shikamoo mjomba. Ile wikiendi tunaanza saa ngapi?" Namwitikia marahaba, halafu namwambia asubiri, kwa sababu saa hiyo siipangi mimi. Inapangwa Ufaransa.

Mimi ni fundi baiskeli, Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Mpwa wangu alitoka Dar ofisi yake ilipohamia Mtumba, akaja na baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, tairi nyembamba kama kidole. Wiki ya kwanza nilimzibia pancha saba. Mimi nikamfundisha kuishi na barabara za huku, yeye akanifundisha kutazama Paris–Roubaix, mbio za baiskeli za huko Ufaransa. Haya ninayoandika ni namna tunavyofanya sisi, kwa yeyote anayetaka siku mbili za kuwaona wakubwa wakishindana na yeye mwenyewe kutoka jasho.

Jambo la kwanza ni kuchagua mbio zinazofanana na barabara yako. Tour de France ni tamu, sikatai, lakini ni wiki tatu, na milima kama ile Ugogo hatuna. Tuna vilima vya mawe kama Mlimwa, unavipanda kabla hujamaliza kukohoa. Barabara mbovu ndizo tulizojaliwa. Paris–Roubaix ni za siku moja, Jumapili, kwa kawaida ile ya pili ya Aprili. Jina linasema Paris lakini huanzia mji wa Compiègne, zinakwenda kaskazini kama kilomita 260, na kati ya hizo 55 hivi ni vipande vya njia za mashambani zilizotandikwa mawe. Si mawe ya kupendeza kama ya uani kwa tajiri. Yameinuka na kuzama, katikati kuna nyasi, pembeni kuna tope au vumbi. Zilianza mwaka 1896, na mshindi hukabidhiwa jiwe la barabara lililowekwa kwenye kitako. Kwenye msitu wa Arenberg nyasi zilikuwa zimeota kati ya mawe, na mwaka 2023 wakapeleka mbuzi wazile. Nilipomsimulia rafiki yangu wa Nala mwenye kundi lake, aliuliza kwa nini hawakumpigia simu yeye.

Sasa hesabu ya saa, kwa sababu wengi hukosea hapa. Mwezi wa nne Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Wao wakimaliza saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa kumi na mbili. Kwa hiyo sehemu yenye moto, kuanzia Arenberg, inaangukia alasiri yetu. Asubuhi yote ni yako. Ila usiendeshe sana asubuhi ya Jumapili. Utasinzia kwenye kochi mambo yakianza kunoga, na wengine tuna misa. Safari ya kweli iwe Jumamosi.

Njia yetu ya Jumamosi inashika barabara ya Singida mpaka Nala. Hapo ni lami, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita kwa fujo, kwa hiyo kaa ukingoni, vaa kizibao cha riflekta kama cha bodaboda, na ukisikia honi ya basi nyuma yako usishindane nalo, shuka. Nala tunaiacha lami, tunaingia kushoto njia za vumbi kuelekea Zuzu: kokoto, mchanga, makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika, na zile nyayo za ng'ombe zilizokauka zikawa kama vikombe. Hiyo ndiyo Roubaix yetu. Kwa mwendo wetu, pamoja na kusimama kuziba na kusalimiana (ukipishana na mzee, "mbukwenyi" yako itoke kabla hujampita), ni kama saa tatu.

Toka saa kumi na mbili kamili, wala si saa mbili. Upepo wa Dodoma kwa kawaida hutoka upande wa mashariki. Alfajiri umelala, jua likipanda nao unaamka. Kwenda Nala unakusukuma mgongoni. Mtu hujiona ana miguu siku hiyo, anaanza kuringa, na kurudi saa nne anaupokea kifuani. Kama wewe ni mgeni wa mji na vumbi hulitaki, geuza: nenda Chamwino kwa barabara ya Morogoro, lami tupu, taabu unaimaliza wakati wa kwenda na kurudi unaletwa nyumbani bure. Lakini jioni ya Jumapili utatazama mawe ya wenzako bila kuyajua.

Tairi nitazikawia, mnisamehe, ndiyo kazi yangu.

Adui wa kwanza wa Dodoma ni mbigili. Mvua zikianza kukatika, ule mmea unaotambaa chini na maua yake ya njano unakauka na kuacha miiba yenye pembe, na kila ukiangukia kuna pembe inayotazama juu. Unajaa pembezoni mwa njia kuliko katikati. Ukitaka kujisaidia, usiisukume baiskeli majanini, ibebe begani. Kabla ya safari nawawekea wateja ulinzi wa kimaskini ambao haujaniangusha: chukua tyubu kuukuu ya saizi ileile, kata vali, ipasue kwa urefu, ilaze ndani ya tairi, kisha ndipo uweke tyubu nzima. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini mbigili inaishia kwenye ile ya kwanza.

Adui wa pili ni mwenye baiskeli mwenyewe, anayejaza upepo mpaka tairi linalia kama ngoma. Anadhani tairi gumu ndilo la mbio. Kwenye lami laini sawa. Kwenye mawe, tairi gumu linarushwa juu na kila jiwe, na wewe unarushwa nalo, na nguvu yote uliyoikanyaga inaishia hewani. Tairi lenye upepo kiasi hujikunja likalimeza jiwe, likaendelea. Ndiyo maana wale wa Roubaix siku hizi huvaa tairi za milimita 30 na zaidi, na upepo wao ni mdogo kuliko wa lami. Furahi basi, wewe mwenye Phoenix: tairi lako ni pana kuliko lao. Kipimo changu ni kidole gumba. Bonyeza kwa nguvu. Liingie kidogo, kama embe linaloanza kuiva. Likiingia kama embe bivu umepunguza mno. Rimu itagonga jiwe, iume tyubu, na utakuta matundu mawili sambamba. Mteja akiniletea matundu mawili namna hiyo na kusingizia mbigili, namrudishia pampu.

Vitu vya mfukoni: tyubu moja nzima, viraka, msasa, gundi, vijiti viwili vya kutolea tairi, pampu, na spana ya nati za gurudumu. Gundi ukishaipaka, iache ikauke kabla ya kubandika kiraka. Vijana hawana subira hiyo, kiraka kinaachia kilomita mbili mbele. Na kabla hujarudisha tyubu, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba uliokutoboa mara nyingi bado umekaa humo unakusubiri.

Madigadi yatoe kama mvua imenyesha usiku. Tope la mfinyanzi la mbugani likijaa kati ya digadi na tairi, gurudumu halizunguki, utaibeba baiskeli kama mgonjwa.

Namna ya kupita: shika usukani kama unavyomshika kifaranga, asitoke wala asife. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, tumia gia nzito kuliko ulivyozoea, na usiache kukanyaga, maana baiskeli isiyosukumwa ndiyo inayoyumba. Tafuta mgongo wa njia, pale katikati palipoinuka. Utawaona wale wa Ufaransa Jumapili wakifanya hivyohivyo, wakichoka wanakimbilia ukingoni penye udongo laini. Mchangani usigeuze usukani ghafla, nenda moja kwa moja, ukizama shuka bila aibu. Glavu vaa. Wanawake walipopata Paris–Roubaix yao ya kwanza, Oktoba 2021, Lizzie Deignan wa Uingereza alikimbia peke yake zaidi ya kilomita 80 na kushinda, bila glavu, na usukani wake ulikuwa na damu ya viganja. Ushindi ule naupenda, ila wewe unarudi Nala kufanya nini na damu?

Chakula sitakiongezea maneno. Uji wa uwele kabla ya kutoka, karanga na ndizi mfukoni, maji lita mbili. Wale wa kulipwa siku hizi hula hata gramu 100 za wanga kwa saa wakiwa juu ya baiskeli, na ndizi ya kawaida ina kama gramu 25. Mpwa wangu alijaribu ndizi nne kwa saa. Hakurudia.

Jumapili, mahali pa kutazamia pangeni mapema. Mwaka wetu wa kwanza tulimwomba mwenye banda umiza mmoja, akatupokea vizuri, tukalipa. Saa kumi mechi ya Ligi Kuu ya England ikaanza, akageuza chaneli bila hata pole, na watu thelathini wakatutazama sisi wawili kama tumepotea njia. Sikumlaumu sana, biashara ni biashara. Tangu siku hiyo tunakaa kwangu: simu ya mpwa, waya kwenda kwenye runinga, na bando. Tenga kama GB moja kwa kila saa kwa picha ya kawaida, na usinunue bando dakika ya mwisho. Simu ichajiwe tangu asubuhi, umeme ukikatika mnahamia kwenye kioo kidogo, vichwa vimegusana. Majirani nao huja. Walionja utamu huu Septemba 2025 mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Waliona wanaume wakikimbia kilomita 267.5 juu ya vilima vile, Tadej Pogačar akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mama mmoja hapa jirani aliniuliza, "Hao wengine wamekwenda wapi, fundi?" Nikamwambia wameshuka, mama. Akasema angeshuka mapema zaidi.

Ukiwa huna saa sita za kukaa, fungua kabla ya Arenberg. Vipande vya mawe huhesabiwa kurudi nyuma, namba kubwa kwanza na namba moja mwishoni, na hupewa nyota kwa ugumu. Vyenye nyota tano ni vitatu: Arenberg, urefu wa kilomita 2.3, bado kama kilomita 95 kufika; Mons-en-Pévèle, kilomita 3; na Carrefour de l'Arbre, ambacho kikiisha zimebaki kama 15. Kabla ya Arenberg utaona kundi linakwenda kasi kama mwisho ni pale, watu wanasukumana mabega. Kila mmoja anataka kuingia wa mbele, kwa sababu wa nyuma akianguka mtu mbele yake hana pa kupita. Baada ya hapo hesabu waliobaki.

Mimi nikishaona hayo huhamishia macho pembeni ya barabara. Kuna watu wamesimama wameinua magurudumu juu, kila mmoja anasubiri mchezaji wa timu yake apate pancha. Wamekaa pale saa nzima kwa kazi ya sekunde kumi. Hao ndio ndugu zangu. Mpwa wangu yeye anamtazama Mathieu van der Poel, aliyeshinda 2023, 2024 na 2025 mfululizo. Ule wa 2024 kwa wastani wa karibu kilomita 48 kwa saa. Nilimuuliza mpwa, sisi Zuzu tulikuwa na ngapi? Akafungua simu: kumi na tatu. Tukanyamaza. Kwa wakati huo mikono yangu bado ilikuwa na ganzi ya Jumamosi, na mawe ya kwenye kioo niliyasikia mpaka viwikoni.

Mwisho wao ni ndani ya uwanja wa baiskeli wa zamani pale Roubaix, mzunguko mmoja na nusu. Usizime baada ya mshindi. Subiri wanaoingia baadaye, nyuso nyeusi kwa vumbi, hutofautishi nani ni nani.

Jumatatu asubuhi igeuze baiskeli kichwa chini. Gonga spoku moja moja kwa kalamu huku ukizungusha gurudumu. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Cheni ifute kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha oili, si kinyume chake. Zungusha gurudumu karibu na sikio. Ukisikia gololi zinasaga mchanga, hiyo usiifungue mwenyewe. Nipo Chang'ombe, nafungua saa moja.