Kufunga nyaya za nyambizi ya rimoti: anza na njia ya kupanda

Gari la rimoti likipoteza mawasiliano linasimama, nawe unalifuata kwa miguu. Nyambizi ikipoteza mawasiliano chini ya maji inabaki hukohuko. Ndiyo maana kila ninapofunga waya ndani ya nyambizi najiuliza swali moja: huu ukikatika, chombo kitapanda au kitabaki chini? Mpango wote ninaouelekeza hapa umetokana na swali hilo.

Nyambizi yenyewe ni ile ninayoitumia Mwanza. Ina urefu wa sentimita 70. Gamba la nje ni la faiba na linaingiza maji kwa makusudi. Ndani yake kuna silinda kavu niliyoitengeneza kwa bomba la PVC la nchi 4, na humo ndimo zinamokaa betri, risiva (kipokezi cha amri za rimoti), sevo mbili (mota ndogo za kugeuza mapezi), mota ya propela na tangi la pistoni. Hilo tangi ni kama bomba la sindano kubwa: likivuta maji chombo kinazama, likiyasukuma nje chombo kinapanda.

Kwanza, redio

Rimoti nyingi zinazouzwa siku hizi ni za 2.4 GHz. Juu ya maji zinafanya kazi vizuri sana, lakini antena ikishazama mawimbi yake yanamezwa ndani ya sentimita chache tu. Tafuta seti ya zamani ya 27 MHz au 40 MHz. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mawimbi ya namna hiyo yanafika mita kadhaa chini, na kwa nyambizi ya kuchezea hiyo inatosha kabisa. Maji chumvi ni habari nyingine, kwa sababu yanapitisha umeme na hata 40 MHz inafia karibu na uso. Wenzangu wa Tanga na Mombasa, tumieni bwawa la maji baridi, bahari iacheni. Halafu ulizia mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kuhusu masafa kabla ya kununua. Kwa Tanzania ni TCRA.

Hatua ya 1: Nyamazisha mota

Mota ya brashi hutoa cheche, na cheche ni kelele kwa redio. Chukua kapasita tatu zenye alama 104. Moja ilehemu kati ya miguu miwili ya mota, na mbili zilizobaki kila moja toka mguu mmoja hadi kwenye bodi ya chuma ya mota. Kwangua bodi kwa tupa mpaka ing'ae kabla ya kulehemu, la sivyo risasi haitashika. Fanya hivyohivyo kwa mota ya tangi. Nyaya za kila mota zisokote pamoja, na risiva iweke upande wa pili wa silinda.

Hatua ya 2: Betri moja, njia mbili

Natumia betri mbili za asidi zilizofungwa, volti 6 na Ah 4.5 kila moja, zile za taa za dharura, nikiziunga mfululizo kupata volti 12. Uzito wake nauhitaji chini ya silinda ili chombo kisipinduke. Ukiwa unazichaji, fungua silinda kila mara. Betri za asidi zinaweza kutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ndani ya bomba lililofungwa ni hatari ya kweli.

Kutoka chanya ya betri, mara baada ya swichi kuu, gawa njia mbili, kila moja na fyuzi yake: moja ya mota ya propela, nyingine ya tangi. Usiziunganishe kwenye fyuzi moja hata kama nafasi ni ndogo. Sababu yangu ni magugu maji. Ziwa Victoria limejaa magugu maji, na uzi mmoja wa mzizi ukijiviringisha kwenye propela mota inakwama, umeme unapanda ghafla, fyuzi inaungua. Tangi likiwa na fyuzi yake, unalisukuma na chombo kinakuja juu. Likiwa limeshirikiana na mota, umebaki kuangalia mapovu.

Fyuzi za gari zinafaa, zipo kila duka la spea. Ukubwa wake upime mwenyewe: tia propela ndani ya pipa la maji, peleka mwendo wote, soma ampea kwa mita. Mota yangu ilivuta ampea 4, nikaweka fyuzi ya 7.5. Nyaya za mota ziwe za milimita 1.5 za mraba.

Hatua ya 3: Nani anailisha risiva?

Hapa wengi wanakosea. Kontrola za mwendo, yaani vifaa vinavyoipa mota umeme kwa amri ya risiva, nyingi zina saketi ndani yake inayoshusha umeme wa betri kuwa volti 5 na kuupeleka kwenye risiva kupitia waya mwekundu wa plagi. Wewe una kontrola mbili, ya propela na ya tangi, kwa hiyo una vyanzo viwili vinavyogombana. Kimoja lazima ukitoe. Chomoa pini ya waya mwekundu kwenye plagi ya kontrola ya propela, ifunge kwa tepu, uache ile ya tangi. Ukifanya kinyume, siku fyuzi ya propela ikiungua risiva nayo inazimika, na tangi linabaki zima ila halina wa kuliamuru.

Soma pia karatasi ya kontrola yenyewe. Baadhi ya saketi hizi hazivumilii volti 12 zikiwa na sevo kadhaa. Zinapata moto na kujizima.

Hatua ya 4: Vikomo vya tangi

Pistoni ikifika mwisho na mota ikaendelea kusukuma, kitu kitavunjika. Weka swichi ndogo ya kikomo kila mwisho, za aina inayokata umeme ikibonyezwa. Ila ikikata umeme kabisa pistoni haitaweza kurudi, kwa hiyo kila swichi ipitiwe pembeni na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Natumia 1N5408, inayobeba ampea 3. Mota ya tangi ikivuta zaidi ya hapo, weka dayodi kubwa zaidi.

Mota ya tangi ina nyaya mbili. Ule unaokuwa chanya wakati wa kuvuta maji, ukate na uweke swichi ya kikomo cha kujaa. Ule wa pili, unaokuwa chanya wakati wa kusukuma, uweke swichi ya kikomo cha kumaliza. Dayodi zote mbili zilehemu sambamba na swichi zake, mstari wa fedha ukielekea kwenye kontrola. Swichi ya kujaa ikibonyezwa, umeme wa kuvuta unazibwa na dayodi, wa kusukuma unapita.

Usifunge pistoni kabla ya kujaribu. Zungusha mota ikiwa mezani, amuru kuvuta, bonyeza swichi ya kujaa kwa kidole: isimame. Amuru kusukuma huku bado umebonyeza: izunguke. Rudia kwa swichi ya pili. Kama mota haikusimama, tazama inazunguka upande gani: ikiwa haizunguki upande wa kuvuta, badilisha nyaya mbili za mota kwenye kontrola; ikiwa inazunguka upande sahihi, badilishana nafasi za swichi mbili.

Hatua ya 5: Waya unaotoka nje ya silinda

Nyambizi yangu ya kwanza ilikuwa na kifuniko kizuri na oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyopakwa grisi ya silikoni, lakini risiva ililowa. Nilitafuta tundu siku mbili. Maji yalikuwa yakipita ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba na ganda la plastiki, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Ganda likichubuka sehemu moja tu nje, maji yanatembea hadi ndani bila kugusa gundi uliyoizungushia.

Dawa ni kuvunja njia hiyo. Waya unapopita kwenye kifuniko, ondoa ganda sentimita moja, lehemu nyuzi zilizo wazi mpaka risasi izijaze, kisha zimwagie epoksi. Kwa nyaya nene napendelea boliti ya shaba iliyopita kwenye kifuniko ikiwa na oringi, waya mmoja umelehemiwa ndani, mwingine nje.

Antena ya risiva usiikate wala kuikunja. Itandaze chini ya sitaha, na ncha yake izibe kwa epoksi ili chuma kisiguse maji.

Hatua ya 6: Amri ya mwisho

Risiva, au moduli ndogo unayoiweka kati yake na kontrola ya tangi, iwekewe amri ya kufuata mawasiliano yakikatika: propela isimame, tangi lisukume maji yote. Ijaribu kwa kuzima rimoti chombo kikiwa juu ya stendi, kikiwa kimejaza tangi. Usiende majini mpaka umeona pistoni ikirudi yenyewe mara tano mfululizo.

Ukiwa na kifaa cha kusawazisha pua, kiunge kati ya risiva na sevo ya mapezi ya nyuma. Inamisha pua kwa mkono. Ukingo wa nyuma wa mapezi unapaswa kuinuka. Ukishuka, geuza mwelekeo kwenye kifaa, maana kikiwa kinyume kitaipeleka nyambizi topeni.

Hatua ya 7: Pipa kwanza, ziwa baadaye

Pasua pipa la lita 200 kwa urefu, lijaze maji. Funga silinda ukiwa umeweka karatasi ya chooni chini ya risiva na nyingine kwenye kila kifuniko. Funga mshipi wa kuvulia kwenye pua. Washa rimoti kwanza, ndipo chombo. Zamisha, subiri dakika kumi, panda, zamisha tena, zima rimoti chombo kikiwa chini, kiache kipande chenyewe. Kisha fungua uzishike karatasi moja moja kwa vidole. Iliyo laini na baridi ndiyo inayokuonyesha kifuniko cha kurudia, na siku hiyo ziwani huendi.