Mwiba wa Samaki Kooni na Pini ya Mtandio Tumboni: Hatua za Kuchukua na Matibabu Yake

Mtu akikwamwa na mwiba wa samaki, karibu kila aliyekaa naye mkekani humpa dawa ile ile: ameze tonge kubwa la ugali bila kutafuna, au kipande cha ndizi, ili ausukume. Ushauri huo uachwe. Ni kweli kwamba mwiba mdogo uliogusa juu juu huweza kuondoka kwa tonge, lakini ule uliokwisha kuchoma nyama huzamishwa zaidi, na daktari atakayeutafuta baadaye atakuta koo limevimba na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umejaa chakula. Vilevile usijitapishe, usiingize kidole wala kijiko, usinywe siki kwa tumaini la kuuyeyusha, na usitumie dawa inayosababisha kuharisha.

Acha kula na kunywa, kwa sababu tumbo lenye chakula huleta hatari wakati wa nusu kaputi, kumbuka saa kitu kilipomezwa, kisha nenda hospitali. Kama kilichomezwa ni pini, chukua nyingine inayofanana nayo ili daktari aone urefu wake. Pini za mtandio humezwa na wasichana wanaozibana kwa midomo huku mikono ikipanga kitambaa, na kicheko kimoja kinatosha. Wakati mwingine pini haiendi tumboni bali huvutwa ndani ya njia ya hewa, kwa hiyo aliyeanza kukohoa papo hapo aeleze jambo hilo mapema, maana uchunguzi wake ni wa mapafu.

Hospitalini, koo hutazamwa kwanza kwa taa na kioo, kwa kuwa miiba mingi hunasa kwenye tezi za koo au shina la ulimi, ambako huondolewa kwa koleo ndogo. Usipoonekana hapo, hupigwa picha ya eksirei. Pini huonekana wazi. Mwiba wa samaki mara nyingi hauonekani kabisa, na hapa ndipo wagonjwa wengi hurudishwa nyumbani wakidhani wamepona. Maumivu yakiendelea mahali pale pale kila unapomeza mate, omba uchunguzi zaidi, hasa siti skani, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili kwa undani zaidi. Mchubuko wa koo nao huacha hisia kama ya mwiba, lakini hupungua siku hadi siku.

Kitu chenye ncha kikiwa kwenye umio hakisubiri kesho. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa endoskopia, yaani uchunguzi wa ndani ya mwili kwa kamera, wa mwaka 2016 unataka kiondolewe ikiwezekana ndani ya saa 2, na isizidi saa 6. Kikiwa ndani ya mfuko wa tumbo, ndani ya saa 24. Kazi hiyo hufanywa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Chevalier Jackson, daktari wa Marekani aliyetumia maisha yake kuondoa vitu vilivyomezwa, alifundisha kwamba ncha inayotangulia hutoboa, inayofuata nyuma haitoboi. Ndiyo maana daktari huweza kuigeuza pini kwanza kabla ya kuivuta, au kuifunika ncha yake kwa kofia laini.

Pini iliyokwisha kuingia utumbo mwembamba kwa kawaida hufuatiliwa tu kwa picha ya kila siku, na nyingi hutoka zenyewe kwa njia ya haja kubwa. Isiposogea kwa siku 3, au mgonjwa akipata homa, tumbo gumu, maumivu yanayozidi au kinyesi cheusi kama lami, upasuaji hufikiriwa. Mahali panapotoboka mara kwa mara ni mwisho wa utumbo mwembamba, jirani na kidole tumbo, hivyo maumivu yake hufanana na ya ugonjwa wa kidole tumbo. Usiache kumweleza daktari habari ya pini, hata kama ni ya wiki iliyopita.

Umio ukitoboka, shingo huvimba na ngozi hulia kama mchanga inapobonyezwa, na usaha huweza kujikusanya kifuani. Hatari kubwa zaidi, ingawa si ya kawaida, ni mwiba kufikia mshipa mkuu wa damu uliopo jirani na umio. Dalili yake huja baada ya siku kadhaa: mgonjwa hutapika damu kidogo, kisha hutulia. Utulivu huo usimdanganye mtu, kwani damu ya pili huwa nyingi mno. Arudi hospitali saa ile ile.