Jinsi ya kufuatilia milki ya kikabaila ya Uingereza ilivyohama kati ya makabaila na mfalme

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wa historia aliyekuwa na orodha ndefu ya wamiliki wa Thornbury, Gloucestershire, lakini hakuweza kueleza kwa nini mfalme anajitokeza humo mara kwa mara. Milki ya aina hiyo ilikuwa ardhi yenye wapangaji, kodi na baraza lake la kuamua kesi.

Hatua ya 1: Anzia Domesday, daftari la kuorodhesha ardhi ya Uingereza na wamiliki wake. Tafuta mahali hapo katika daftari la mwaka 1086. Thornbury ilikuwa ya Brictric, ikaja kuwa ya Malkia Matilda, na ilipoandikwa ilikuwa mikononi mwa mfalme.

Hatua ya 2: Chora jedwali lenye mwaka, mshikaji, njia iliyomfikishia ardhi na hati inayothibitisha. Programu za kuchora nasaba sizipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu zinamfuata mtu, ilhali sisi tunaifuata ardhi.

Hatua ya 3: Kila mfalme anapotokea, bainisha alishika kwa sababu gani. Hatua hii ndiyo inayokula muda, na ndipo wengi hupotea. Kabaila aliyepewa ardhi na mfalme moja kwa moja alipofariki, ofisa wa mfalme aliitwaa kwanza, kisha akawaapisha watu wa mahali hapo waeleze marehemu alishika nini, kwa masharti gani, alifariki lini, na mrithi wake ni nani. Hati hiyo ya uchunguzi naiamini kuliko nasaba yoyote iliyochapishwa, isipokuwa kwenye umri wa mrithi, ambao mara nyingi ulikadiriwa tu. Mrithi wa kiume akiwa hajafikisha miaka 21, mfalme aliendelea kuishika ardhi kama mlezi, au aliuuza ulezi huo kwa mtu mwingine.

Chukua kisa cha Gilbert de Clare, Earl wa Gloucester, aliyeuawa katika vita vya Bannockburn, Scotland, tarehe 24 Juni 1314 bila kuacha mtoto. Mjane wake, Maud, alisema ana mimba, na mali haikugawanywa kwa dada watatu wa marehemu hadi 1317. Muda wote huo mfalme alikuwa mwangalizi tu, kwa hiyo anayeandika kwamba mali ilitaifishwa anapotosha. Hatimaye Thornbury ilimwangukia Margaret na mumewe Hugh Audley, na kupitia binti yao ikaingia katika ukoo wa Stafford.

Linganisha na mwaka 1521. Edward Stafford, Duke wa Buckingham, alikatwa kichwa tarehe 17 Mei kwa uhaini, na safari hii Henry VIII alichukua ardhi iwe yake, jambo ambalo Bunge lililithibitisha kwa sheria mwaka 1523. Hata hapo usifunge jedwali, kwani chini ya Mary I Thornbury ilirudi kwa wazao wa Duke.

Jihadhari pia na tarehe. Makarani walihesabu miaka ya utawala wa mfalme, na mwaka wa Edward II, mfalme wa wakati wa Gilbert, ulianza tarehe 8 Julai. Hivyo Gilbert alifariki katika mwaka wa saba, lakini uchunguzi wowote uliofanywa mwezi uliofuata, baada ya siku hiyo, unabeba mwaka wa nane. Isitoshe, kwa hesabu rasmi ya Waingereza kabla ya 1752 mwaka mpya uliingia tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1520 katika hati ni Februari 1521 kwetu.

Hatua ya 4: Tafuta hati ya mfalme ya kuitoa tena ardhi. Muhtasari uliochapishwa wa hati hizo unatosha kuanzia. Nakala halisi ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew.

Ukifika 1660, badilisha njia. Mwaka huo Bunge lilifuta ulezi wa mfalme juu ya warithi, na kuanzia hapo wosia na hati za mauziano ndizo zitakazokuongoza.